BOMU LA ZAMANI SI BOMU LILILOKUFA

Somo kwa familia zilizohama, wazazi na viongozi wa vijiji na kambi



Katika vijiji na kambi tunamopita kwa kazi ya amani, tunaona vitu vya vita vikitumiwa kama vyombo vya kawaida vya nyumbani. Ganda kubwa la kombora limetundikwa kwenye mti na kuwa kengele ya shule. Sanduku la chuma lililobeba risasi sasa linatunza unga. Watoto wanatunga maganda ya masasi kwenye uzi na kuyavaa shingoni. Na hapa na pale kuna mzee au kijana aliyeweka juu ya kabati kitu kizito chenye kutu, akisema ni ukumbusho wa vita fulani na kwamba "hicho kilikufa zamani."

Tunapozungumza juu ya hatari, swali linalorudi ni hili: "Kitu hiki kimenyeshewa na mvua miaka mingi, kimeota kutu, kimeshapigwa na jembe mara ngapi. Kwa nini tukiogope leo?" Ni swali zuri na linastahili jibu la kweli. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya kulijibu. Tunaomba lisomwe kwa sauti katika vikao vya kambi, katika makanisa na misikiti, na darasani, kwa sababu wanaookota vitu hivi mara nyingi ni wale wasiopata karatasi ya kusoma.

Lengo la somo

Mwisho wa somo hili, tunataka kila mshiriki aweze:
1. kueleza kwa nini umri na kutu haviui bomu;
2. kueleza kwa nini mtu wa kawaida hawezi kujua kama kitu cha vita ni kitupu;
3. kufanya yanayofaa akikuta kitu cha vita shambani, au kama tayari anacho nyumbani;
4. na kwa upande wa viongozi, kufanya kutoa taarifa kuwe rahisi kuliko kuficha.

1. Kwa nini watu wanakusanya vitu vya vita

Tusianze kwa kuwalaumu watu. Kila anayeokota ana sababu yake.

Wa kwanza anaokota kwa ajili ya njaa. Shaba ya maganda na chuma cha makombora vinanunuliwa na wafanyabiashara wa vyuma vikuukuu, na familia iliyopoteza shamba lake inatafuta pesa ya chumvi na sabuni popote inapopatikana. Wa pili anaokota kwa sababu kitu kinafaa kazi: kengele, nyundo, jiwe la kuegeshea mlango, uzito wa mizani. Wa tatu ni mtoto, naye anaokota kwa sababu kitu kinang'aa na hakifanani na kitu kingine chochote alichowahi kuona. Wa nne anaokota ili akumbuke. Anataka wajukuu wake waone kwa macho yao yaliyompata, ili asije mtu akawaambia kwamba hayakutokea.

Sababu hizi ni tofauti, na kila moja inahitaji jibu lake. Anayeokota kwa njaa hatasikia tukimwambia tu "ni hatari," maana njaa nayo ni hatari. Anayeokota kwa kumbukumbu ataona tunamwambia asahau. Ndiyo maana mwisho wa somo hili tunarudi kwenye kazi ya viongozi na kwenye njia nyingine ya kukumbuka.

2. Hata wanaojua wamekufa

Katika nchi za Ulaya na Marekani kuna watu wanaokusanya risasi, makombora na mabomu ya vita vya zamani kama wengine wanavyokusanya stempu au sarafu. Wanasoma vitabu juu yake, wanajua kila kitu kilitengenezwa mwaka gani na kiwanda gani, wanauziana na kubadilishana. Wengi wao wanafuata kanuni moja: kitu kisiingie nyumbani kabla ya kutolewa baruti na sehemu ya kuwashia, kibaki chuma kitupu. Mtu anaweza kudhani kwamba kwa elimu ya namna hiyo hatari imekwisha. Tuangalie mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa Marekani. Kuanzia mwaka wa 1861 hadi 1865 nchi hiyo ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hadi leo makombora ya mizinga ya wakati ule yanaendelea kupatikana ardhini na majini. Mwezi wa Februari 2008, katika jimbo la Virginia, mkusanyaji mmoja aliuawa uani kwake na kombora la vita hivyo. Hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa amekwisha kusafisha makombora yapata 1,600 kwa ajili ya wakusanyaji wenzake na majumba ya makumbusho. Wataalamu waliona kwamba huenda alikuwa akiondoa kutu kwa mashine, na cheche zikaifikia baruti. Kombora lile lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 140. Kipande chake kiliruka karibu mita 400 na kupasua baraza ya nyumba ya watu wengine.

Tulitazame jambo hili vizuri. Makombora 1,600 yalimfundisha mtu huyo kwamba anajua. Moja tu lilitosha. Na familia iliyokuwa umbali wa mita 400 haikukusanya kitu chochote, lakini hatari iliingia barazani kwake.

Mfano wa pili ni wa Ubelgiji. Vita vya kwanza vya dunia viliisha tarehe 11 Novemba 1918. Katika eneo la mji wa Ypres makombora yalimwagwa kwa miaka minne, na mengi yalizama kwenye matope bila kulipuka. Mpaka sasa wakulima wa huko wanayalima kila msimu, nao wameyapa jina la mavuno ya chuma. Jeshi la Ubelgiji lina kikosi maalumu cha kuyaondoa, na mara nyingi kikosi hicho kinakusanya zaidi ya tani 100 kwa mwaka mmoja. Nchi hiyo ina pesa, ina barabara, ina simu kila nyumba, na imefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Hata hivyo, mwezi wa Machi 2014 wafanyakazi wawili wa ujenzi waliuawa Ypres na kombora la vita vile. 

Basi tukisikia mtu anasema, "Hili ni la vita vya 1996, limeshazeeka," tumjibu kwa upole kwamba bomu halina uzee wa namna hiyo.

3. Kwa nini kutu haliui bomu

Tueleze kwa maneno rahisi. Kombora au bomu la mkono lina sehemu tatu. Kuna mwili wa chuma, ambao ukipasuka unakuwa vipande vya kuua. Kuna baruti nyingi ndani yake, ambayo kwa kawaida ni tulivu. Na kuna sehemu ndogo ya kuwashia, yenye baruti kali sana, kidogo kama punje, ambayo kazi yake ni kuamsha ile nyingi.

Mvua na kutu vinakula chuma cha nje. Lakini baruti nyingi za kijeshi hazizimwi na maji, na zinaweza kukaa makumi ya miaka bila kupoteza nguvu. Baadhi yake zinazidi kuwa kali kadiri zinavyokaa. Makombora mengi ya vita vya kwanza vya dunia yalijazwa asidi ya pikriki. Asidi hiyo ikigusana na chuma kwa muda mrefu inazaa chumvi ambazo zinaweza kulipuka kwa kusuguliwa au kugongwa kidogo tu. Katika kombora la namna hiyo, uzee umeongeza hatari.

Kutu pia linakula vile vinavyozuia. Bomu la mkono linazuiwa na pini na mkono wa chuma. Pini hiyo ikiliwa na kutu, kinachobaki kati ya mtu na kifo ni uzi wa chuma unaoweza kukatika siku mtoto atakapolitikisa.

Tena kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kombora lililorushwa halafu halikulipuka ni hatari kuliko lile ambalo halijatoka kwenye sanduku. Likiwa sandukuni bado limefungwa. Likisharushwa limejifungua njiani, tayari kulipuka likigonga kitu, na kwa sababu fulani ndogo halikulipuka. Labda liliangukia matope laini. Labda chuma kidogo ndani kilikwama nusu ya safari. Hatujui kilikwama wapi, wala hatujui nini kitakikwamua: jembe, moto wa kuchoma magugu, au mtu aliyelibeba begani kwenda kwa mnunuzi wa vyuma.

Mengine hayana hata haja ya kugongwa. Kuna makombora yenye fosforasi, dawa inayowaka yenyewe ikikutana na hewa. Mtu akilipasua ili apate chuma, moto unaanza bila kiberiti, na unaunguza mwili mpaka ndani.

4. "Hiki ni kitupu": nani anaweza kusema hivyo?

Ni kweli kwamba kuna vitu vya vita ambavyo ni vitupu. Ganda la risasi iliyokwisha kupigwa ni chuma tu. Majeshi pia yanatengeneza makombora ya kufundishia yasiyo na baruti. Shida si kwamba vitu vitupu havipo. Shida ni kuvitenga na vilivyojaa, kwa macho ya mtu asiyefundishwa, kitu kikiwa kimezikwa nusu na kufunikwa na udongo.

Watu wengine wanategemea rangi. Ni kweli kwamba katika majeshi mengi ya nchi za Magharibi rangi ya buluu inaonyesha kitu cha mazoezi. Lakini hata baadhi ya vitu hivyo vya mazoezi vina baruti kidogo ya kutoa moshi, inayotosha kukata vidole. Tena silaha zilizopita katika nchi yetu zilitoka katika nchi nyingi, zenye desturi tofauti za rangi, na baada ya misimu kadhaa ya mvua rangi yenyewe imetoka.

Wengine wanategemea tundu. Wanasema, "Kina tundu, kwa hiyo kilishatolewa baruti." Tundu linaweza kuwa limetobolewa na fundi anayejua, au na kutu, au na kipande cha bomu jingine. Wengine wanategemea uzito, au sauti ya kitu kikitikiswa. Hao ndio tunaowaonea huruma zaidi, kwa maana ili wajue uzito na sauti lazima kwanza wakiinue na kukitikisa.

Mapema mwaka wa 2011, nchini Uganda, watu wanaofundisha jamii juu ya hatari za mabomu walifika kwenye shule moja na kukuta kwamba kengele ya shule ni bomu lisilolipuka. Wanafunzi walikuwa wakiligonga kwa jiwe kila kipindi. Kila asubuhi ambapo halikulipuka ilikuwa kama ushahidi mpya kwamba ni chuma tu, kumbe lilikuwa bado lina uwezo wa kulipuka. Haikuwa shule ya wajinga. Walimu wake walifikiri kama wengi wetu tunavyofikiri: kwamba kitu kilichonyamaza muda mrefu kitaendelea kunyamaza.

Kwa hiyo kanuni tunayofundisha ni moja, na haina "isipokuwa": hatuokoti kitu chochote cha vita, hata ganda tupu. Mkono wa mtoto uliozoea kuokota maganda matupu ndio utakaookota kilichojaa.

5. Hapa kwetu

Nchi yetu imebeba vita vingi, na kila vita vimeacha mabaki yake. Mfano unaojulikana zaidi ni Kisangani. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji ule wa Congo. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba zaidi ya makombora 6,600 yalirushwa kwa siku hizo sita, raia zaidi ya 760 wakauawa na watu wapatao 1,700 wakajeruhiwa. Makombora ambayo hayakulipuka yalibaki viwanjani, kwenye mapaa na mashambani, yakingojea watu watakaorudi.

Mashariki ya nchi, mapigano ya miaka ya karibuni yamepita katika mashamba na njia zilezile za watu. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia Goma yenyewe, na katika wiki zilizofuata familia nyingi zilizokuwa katika kambi za kando ya mji ziliondoka na kurudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Walikuta mashamba yamekuwa msitu. Mtu wa namna hiyo anafanya mambo manne mara moja: anachoma magugu, analima, anachimba choo, na anajenga upya jiko. Yote manne yanagusa ardhi, na mawili yanatumia moto. Jiko likijengwa juu ya bomu lililozikwa, joto linalifikia siku hadi siku.

Kabla ya kuanza kazi hizo, tuulize. Wenyeji waliobaki, wachungaji wa ng'ombe na wachoma makaa wanajua ni wapi palikuwa na kambi ya askari, ni wapi walichimba mahandaki, ni wapi mapigano yalikuwa makali. Swali moja kabla ya jembe linaweza kuokoa miguu ya mtoto.

6. Kitu cha vita kinagombanisha majirani

Mpaka hapa tumesema juu ya mwili. Kuna hatari nyingine ambayo sisi wa kazi ya amani hatuwezi kuinyamazia.

Risasi chache katika nyumba zinaweza kumfanya mwenye nyumba aitwe mshiriki wa kundi lenye silaha. Msako ukipita, hakuna atakayesikiliza kwamba ziliokotwa na mtoto. Hata bila msako, jirani akiona anaanza kuhesabu: walitoa wapi, wanamngojea nani? Katika kijiji ambamo jamii mbili zimetoka kupigana, kombora lililowekwa sebuleni kama pambo halisemi jambo moja kwa wote. Kwa mwenyewe ni ukumbusho wa mateso. Kwa jirani ambaye ndugu yake aliuawa siku ileile, ni majivuno.

Hofu hiyohiyo ndiyo inayofanya watu wafiche. Mtu akikuta bomu shambani, anajiuliza: nikisema, si nitaulizwa lilitoka wapi? Kwa hiyo analitupa usiku katika choo, au mtoni, au katika shamba la mwingine. Hatari haijatoka kijijini. Imehama tu kutoka mahali panapojulikana kwenda mahali pasipojulikana.

7. Tufanye nini

Ukikuta kitu cha vita shambani, njiani au katika nyumba iliyoachwa:

– Simama. Usikiguse, usikitupie jiwe, usikichome moto, usikimwagie maji.
– Waonye walio karibu, kwa sauti, wasije kutazama.
– Rudi kwa njia ileile uliyojia, ukikanyaga palepale ulipokanyaga.
– Weka alama mbali na kitu chenyewe, kwenye njia ambayo watu wanaijia: matawi yaliyopishana, au mawe yaliyopangwa. Usikaribie ili uweke alama nzuri zaidi.
– Mwambie kiongozi siku hiyohiyo: ni wapi, kinafananaje, nani ameonywa.

Kama kitu tayari kiko nyumbani kwako, usikitoe kwa haraka kwa sababu umesoma somo hili. Watu wameumia wakijaribu kujirekebisha. Kiache pale kilipo, toa watoto na watu wote katika chumba hicho, funga mlango, waambie majirani wa karibu, halafu peleka habari. Kama ni kengele ya shule au ya kanisa, acheni kuigonga leo. Wasogezeni watu, msisogeze chuma. Jante ya gari inalia vizuri vilevile.

Kazi ya viongozi ni hii:

Kwanza, tangazeni wazi kwamba anayetoa taarifa hataulizwa maswali ya kumtisha. Mtu anayesema "nimeona" analinda kijiji, na asitendewe kama mshukiwa. Kubalianeni juu ya jambo hili mapema na wenye mamlaka ya ulinzi wa eneo lenu, kabla mtu wa kwanza hajaja. Kama mtu wa kwanza akipigwa au kutozwa pesa, hakutakuwa na mtu wa pili.

Pili, tafuteni sasa, kabla ya siku ya hatari, njia ya kufikia watu waliofundishwa kuondoa mabomu. Nchi yetu ilijiunga mwaka wa 2002 na mkataba wa Ottawa unaokataza mabomu ya kutegwa ardhini dhidi ya watu, na mwaka wa 2011 ikapitisha sheria ya kuutekeleza. Kazi ya kupambana na mabomu hufanywa na kituo cha taifa, huduma ya Umoja wa Mataifa na mashirika maalumu, lakini wanaofika hutofautiana kwa eneo na kwa wakati. Ulizeni kituo cha afya au shirika la misaada lililo karibu nanyi, andikeni namba ya simu, na mwiandike mahali panapoonekana na wote. Mahali pasipo na mtandao, chagueni mtu wa kupeleka habari.

Tatu, andikeni katika daftari kila mahali palipotajwa. Kikosi kinaweza kuchelewa wiki nyingi, na kiongozi anaweza kubadilishwa au kuhama. Daftari linabaki. Familia mpya inayofika ionyeshwe daftari hilo kabla ya kupewa kiwanja.

Nne, zungumzeni na wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mtoto haokoti kombora kama hakuna anayelinunua. Mnunuzi anayekataa kila kitu cha vita analinda hata uzio wake mwenyewe, ambamo vyuma vinagongwa na kukatwa kila siku. Na kwa familia ambazo zilikuwa zinaishi kwa kazi hiyo, ziwekeni mbele katika orodha za mbegu, za kazi za barabara na za vikundi vya akiba. Tukiwanyima njia hii bila kuwafungulia nyingine, tutakuwa tumewafundisha kuokota usiku.

8. Kukumbuka bila baruti

Baki swali la yule anayetaka kukumbuka. Tunamheshimu. Watu waliosahau yaliyowapata hawawezi kujenga amani ya kweli. Lakini kuna njia ya kutunza kumbukumbu bila kulala nayo chini ya paa moja.

Msumbiji ilitoka katika vita virefu mwaka wa 1992. Silaha zilikuwa zimezikwa kila mahali. Mwaka wa 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, likiongozwa katika kazi hiyo na Askofu Dinis Sengulane, lilianza mpango wa kugeuza silaha kuwa majembe. Watu walileta silaha na kupewa jembe, cherehani au baiskeli. Silaha ziliharibiwa kwanza, zisiweze kutumika tena. Baada ya hapo tu ndipo vipande vilipewa wasanii. Mmoja wao, anayejulikana kwa jina la Kester, alitengeneza kiti cha enzi kwa vipande vya bunduki mwaka wa 2001, na kiti hicho kiko katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Tazameni mpangilio: wenye ujuzi wanaharibu, halafu msanii anaunda, halafu watu wote wanaona. Hakuna aliyebaki na silaha kwenye kabati.

Vivyo hivyo, mjini Mombasa, ndani ya Fort Jesus, unasimama mzinga wa meli ya kivita ya Ujerumani Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915. Watoto wa shule wanaugusa na kuuliza maswali. Hapo ndipo mahali pa kitu cha vita: mikononi mwa taasisi, kikiwa kimekaguliwa, na mtu wa kueleza historia pembeni yake.

Sisi hatuna jumba la makumbusho kijijini, lakini tuna njia zetu. Mti unaweza kupandwa kwa jina la kila aliyekufa. Majina yanaweza kuandikwa katika kitabu cha kanisa au cha kijiji, majina ya watu wa pande zote. Wazee wanaweza kuwasimulia vijana, na vijana waandike. Simulizi hailipuki, na jirani anaweza kuongeza sehemu yake.

Maswali ya mazungumzo

1. Katika kijiji au kambi yetu, ni vitu gani vya vita vinatumiwa kama vyombo? Tuvitaje bila kutaja majina ya wenye navyo.
2. Nini kinawazuia watu wetu kutoa taarifa? Je, ni woga wa askari, wa majirani, au wa kupoteza pesa?
3. Mtu akileta habari leo jioni, atamwambia nani, na huyo atamwambia nani? Tuchore njia hiyo kwenye karatasi.
4. Familia zinazookota vyuma kwa ajili ya kula zitasaidiwaje na sisi wenyewe, kabla ya kungoja shirika?
5. Tungependa wajukuu wetu wakumbuke nini juu ya vita hivi, na tutawaonyesha nini?

Zoezi kwa watoto: wagawe katika vikundi viwili. Kikundi cha kwanza kiigize rafiki anayesema "twende tukaokote." Kikundi cha pili kijibu. Jibu ambalo watoto wenyewe wamelitunga watalikumbuka kuliko lile tulilowapa sisi.

La kukumbuka

Kutu si dawa ya bomu. Kunyamaza kwake si kufa kwake. Usiguse, onya, rudi ulikotoka, toa taarifa. Na kiongozi, mpokee vizuri anayekuletea habari, kwa sababu wengine wote wanatazama utamfanyia nini.

Tahadhari kabla ya hatari.